Breki za Posta

Gereji ya Anestis Karypidis ilitazamana na kibanda changu cha kushona viatu, hapa Edessa, kaskazini mwa Ugiriki, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda kwenye mashamba ya cheri. Kwa miaka ishirini na saba tulikaa mlango kwa mlango, yeye amejikunja juu ya injini, mimi nina soli mapajani. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa hakikunjiki, kwa sababu kiliwahi kuliwa na cheni ya pikipiki alipokuwa kijana huko Ujerumani, alikojifunza kazi. Hakuwa msemaji. Mteja akimweleza ugonjwa wa pikipiki yake, Anestis alimwacha amalize, kisha akaenda kuisikiliza pikipiki yenyewe, kana kwamba yule mtu alikuwa tarishi tu.

Neno lililomtoka kwa urahisi ni hapana. Ukimwambia akaze cheni iliyokwisha, alisema hapana. Ukimwomba akurudishie tairi lenye kipara mpaka mwisho wa mwezi, hapana. Watu walimnung'unikia, wakamwita Mjerumani, lakini pikipiki zao walimpelekea yeye. Mji wetu umekaa juu ya jabali, kila njia inayotoka ni mteremko, na kila nyumba ina papaki, maana ndivyo tunavyoiita ile pikipiki ndogo ya gia ambayo mjane huendea sokoni na padri huendea mazishini. Mtu anayeteremka kila siku hupenda kujua ni mkono wa nani uliomfungia breki.

Halafu ikaja ile miaka mibaya. Mishahara ikakatwa, ikakatwa tena. Viwanda vya kufungasha matunda vikapunguza watu. Basi la vijijini, lililokuwa likienda mara nne kwa siku, likawa linakwenda mara mbili, kisha likaacha kabisa. Mwenye papaki akaishika kama roho yake. Lakini papaki nayo inakula: pedi, cheni, nyaya, balbu. Pedi za breki za kampuni, pea moja, zilikuwa euro thelathini na mbili. Ndipo watu walipogundua kwamba ukiagiza kwenye mtandao, pea kama ile ile, yenye umbo lile lile, inakuja kutoka upande wa pili wa dunia kwa euro sita, ndani ya kimfuko cha nailoni, na tarishi anakuletea mpaka mlangoni. Tukaziita spea za posta.

Walipoanza kumletea Anestis vile vimfuko, aliwarudishia mkononi. Hakuwagombeza. Alisema tu kwamba hajui kilichomo ndani, na asichokijua hakifungi. Basi wakaenda kwenye gereji nyingine, kule chini karibu na stesheni ya treni, ambako kijana mmoja alifunga chochote alicholetewa na hata redio akakuwekea. Majira ya kupukutika majani ya mwaka 2011 zilipita siku nzima bila mtu kuingia kwa Anestis. Alifagia. Alipanga spana kwa ukubwa. Akatoka akasimama mlangoni, tukatazamana, akarudi ndani kufagia tena.

Mkewe, Parthena, ambaye wakati ule alikuwa akifungasha matunda kiwandani msimu kwa msimu, ndiye aliyemgeuza. Nilikuwepo, nimeenda kuomba mafuta ya kulainisha cherehani yangu. Hakupandisha sauti.

"Unamlinda nani, Anestis?" alimwuliza. "Watu wako wote wapo kule chini, wanafungiwa na mtoto wa juzi asiyejua kukaza nati. Spea ni zile zile. Kinachopungua ni mkono wako."

Nilimwona ameyachukua yale maneno, maana aliweka chini ufagio na hakuuchukua tena siku ile.

Akaanza na vioo na balbu. Kisha vifuniko vya plastiki, viti, nyaya za spidi. Kisha cheni. Na kila kitu alikikagua kwanza, anakipima, anakikuna kwa kisu, anakinusa. Vingi vilikuwa sawa kabisa, na hilo alilikiri kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo kwa Anestis halikuwa dogo. Mimi nisijifanye mtakatifu. Miaka ile ile niliacha soli za ngozi nikaanza kuweka za karatasi iliyoshindiliwa. Tofauti yetu ni kwamba soli yangu ikibanduka, mtu anafika nyumbani na soksi iliyolowa.

Sasa niwaambie kuhusu Zografia Tsolaki. Alikuwa na miaka arobaini na sita, hakuolewa, akiishi na mama yake nyuma ya kanisa. Manispaa ilimwajiri kuhudumia wazee wa vijijini ambao watoto wao wako Australia au Ujerumani au hawapo tena. Alikuwa na wazee tisa katika vijiji vinne, mmoja wao mzee Stergios. Aliwaogesha, akawapa dawa, akawapikia supu, akawakata kucha za miguu, akawasomea bili na kuwaficha zile za kutisha. Basi lilipokufa, papaki ndiyo ikawa miguu yake. Alikuwa na kicheko kinachotangulia kona, na mdomo ambao Anestis aliuogopa.

Aliingia siku moja na kimfuko chake cha nailoni. Pedi za breki ya mbele. Anestis alimwambia breki hafungi. Zografia akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango.

"Mimi sina haraka," alisema. "Mzee Stergios ana haraka, maana hajaoga tangu Ijumaa. Nitamwambia Anestis amekataa, na harufu utakuja kuinusa mwenyewe."

Anestis akachukua ile pea moja, akaenda nayo ndani. Aliipasha moto kwa gesi mpaka ikatoa moshi, akaibana kwenye jiliwa, akaigonga kwa nyundo pale kile kipande cheusi, ndicho kinachobana diski ya gurudumu, kilipogandishwa juu ya bamba la chuma. Kilishika. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Kilishika. Ndipo akamwambia Zografia aagize pea nyingine kama ile, hii ameshaiharibu. Ilipofika, akaipasha na kuigonga nayo, kwa kiasi tu, ikashika, akaifunga. Ilidumu mwaka na zaidi. Kila Zografia alipopita mbele ya gereji aliminya breki kwa makusudi ili Anestis ainue kichwa, naye akainua, na ingawa hakucheka nilijua amefurahi.

Baadaye aliniambia kwamba ile pea nzuri ndiyo iliyomponza. Kama ingekuwa mbovu tangu mwanzo, asingeamini tena.

Juni ya 2013 pedi zile zikaisha. Zografia akaagiza nyingine kwa muuzaji yule yule, picha ile ile, kimfuko kile kile. Ulikuwa msimu wa cheri. Kila mtu aliyekuwa na papaki alikuwa akishuka mashambani alfajiri, na mbele ya gereji zilijipanga pikipiki kumi na moja zikisubiri. Anestis alizitoa zile pedi kwenye kimfuko, akazigeuza mkononi, akapitisha ukucha ukingoni. Zilifanana na za kwanza kama mapacha. Hakuwasha gesi. Hakushika nyundo. Akazifunga, akakaza, akamwambia aende taratibu siku mbili za mwanzo mpaka zikae. Zografia akamwambia yeye hajawahi kwenda taratibu isipokuwa kanisani.

Siku ya nne, saa mbili asubuhi, alikuwa anateremka kwenda kijiji cha Palioklima kwa mzee Stergios. Kuna kona pale ambayo barabara inabanwa na ukuta wa mawe wa shamba. Aliminya breki kama siku zote. Anasema alisikia mlio mdogo, kama kijiko kilichoanguka kwenye sinki, kisha wenzo wa breki ukaja mpaka kwenye mpini bila kushika chochote. Breki ya nyuma peke yake haikuweza kitu kwenye mteremko ule. Mbele yake trekta lilikuwa linavuka barabara likiwa na tela la makreti ya cheri, na juu ya makreti wamekaa wanawake watano, wachumaji, miguu yao ikining'inia. Zografia alikuwa na nafasi ya kuchagua kitu kimoja. Akachagua ukuta.

Mguu wa kulia ulivunjika mahali patatu na goti likasagika. Mfupa wa bega nao. Wale wanawake walimfunika kwa vitambaa vyao vya kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Mzee Stergios, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpigia simu, alikaa na maji ya kuoga jikoni. Yakapoa, akayapasha, yakapoa, akayapasha, mpaka adhuhuri.

Habari ilitufikia kabla ya saa nne. Aliyeileta alisema polisi wameshaandika kwamba ni mwendo kasi, na watu waliokuwa pale wakatikisa vichwa kwa kukubali, maana wote walimjua Zografia na mwendo wake. Anestis alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Akafunga gereji na pikipiki za watu zimejipanga nje. Nikaona siwezi kumwacha aende peke yake, nikapanda nyuma yake kwenye pikipiki.

Pale kwenye kona hapakuwa na kitu tena ila vioo vilivyovunjika na doa la mafuta. Hakuukaribia ukuta. Alirudi juu, hatua mia moja na kitu, mahali ambapo mtu huanza kuminya breki, akaanza kutafuta kwenye majani kando ya lami, ameinama, anasogeza majani kwa mikono. Tulitafuta zaidi ya saa nzima. Yeye ndiye aliyekiona. Kipande cheusi, kizima, hakina hata ufa, kimebanduka kutoka kwenye bamba lake kama stempu kwenye bahasha. Akakigeuza. Upande wa chini ulikuwa laini unang'aa. Gundi ilikuwepo kwenye pembe moja tu, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Alikaa chini palepale barabarani. Nami nikasema maneno ambayo mpaka leo nayaonea aibu. Nilimwambia akitupe mtoni. Nilimwambia polisi wameshaandika, mwanamke yu hai, na kujiangamiza kwake hakutamrudishia goti. Nilisema kwa kumpenda, na huenda hilo ndilo baya zaidi.

Anestis alitoa leso, akakifunga kile kipande, akatia mfukoni.

Kituoni, askari wa zamu alikuwa mtu aliyetengenezewa pikipiki na Anestis tangu akiwa shule. Alikitazama kile kipande, akaitazama leso, akamtazama Anestis.

"Fundi, una hakika unataka niandike hili?"

"Andika."

"Nikiandika, halifutiki."

"Najua kuandika maana yake nini. Andika kwamba nimezifunga mimi, na kwamba sikuzipima."

Siku ya tatu akaenda hospitali. Hakubeba maua wala matunda. Alisimama miguuni pa kitanda, na Zografia, ambaye uso wake ulikuwa umevimba na mguu umetundikwa, alimwambia aache kusimama kama nguzo ya umeme, akae. Hakukaa. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama anavyoeleza injini: alichokiona, alichopaswa kufanya, alichoacha kufanya, na kwa nini. Alisema kosa ni lake.

Zografia alimsikiliza mpaka mwisho. Wote wawili walinisimulia mazungumzo yale, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana.

"Nani aliziagiza?" alimwuliza.

"Wewe."

"Nani alikaa kwenye kigoda chako mlangoni mpaka ukakubali?"

"Wewe huna macho ya kuona gundi, Zografia. Mimi ninayo. Ndiyo kazi yangu."

"Na mimi nina akili ya kujua kwamba kitu cha euro thelathini hakiwi euro sita bila kukosa kitu ndani. Nilijua, Anestis. Nilipiga hesabu nikaona wazee hawawezi kungoja, ila mguu wangu unaweza. Usininyang'anye kosa langu. Sasa hivi hakijabaki kingine cha kwangu."

Akasema na jambo moja zaidi, kwamba kama angemkatalia, angeenda kule chini stesheni, na angeanguka vile vile, pengine mapema. Anestis akamwambia kwamba hilo huenda ni kweli, ila lingekuwa jambo la mtu mwingine. Ndipo Zografia alipogeuza uso dirishani, akamwambia amechoka, aende.

Kesi ilisikilizwa Februari iliyofuata. Wakili alimshauri amtupie lawama muuzaji, lakini muuzaji alikuwa jina tu kwenye mtandao, na hata lile jina lilikuwa limeshatoweka. Picha ile ile ya pedi ilikuwa inauzwa sasa na jina jingine. Anestis alikataa kusema lolote zaidi ya alilosema kituoni. Zografia alifika kwa magongo, akaulizwa kama anamdai fidia. Akasema hamdai. Mwendesha mashtaka akamwuliza, kwa upole, kama basi anamsamehe mshtakiwa. Zografia akasema hakuja kanisani, amekuja mahakamani, na aliloulizwa ameshalijibu. Anestis alipewa kifungo cha miezi mitano kilichosimamishwa, hakulala ndani hata siku moja, na hakukata rufaa.

Nilidhani ataacha kazi. Badala yake aliagiza pedi, pea saba za picha ile ile, akazipasha na kuzigonga moja moja, mlango uko wazi, kila apitaye anaona. Pea nne zilishika vizuri kama za kampuni. Tatu zilibanduka, moja kabla hata haijapata moto. Zile zilizobanduka akazigandisha tena kwa tone la gundi, akazipanga zote saba kwenye sinia karibu na mlango. Mtu akija na kimfuko chake, Anestis alimwomba achague kwenye sinia zile nzima. Watu waligeuza, wakakuna, wakabashiri, na wengi walikosea, na hata mimi nilikosea. Baada ya hapo hakuwa na haja ya hotuba. Vioo, balbu, viti na vifuniko aliendelea kufunga vya posta bila neno. Kwa kitu kinachokusimamisha, au kinachokushikilia barabarani, alirudia neno lake la zamani, hapana.

Lakini Parthena alikuwa amesema kweli, na yeye alilijua hilo: ukimkatalia mtu asiye na euro thelathini na mbili, hujamwokoa, umemhamisha tu. Basi akaenda Thesaloniki kwa mzee mmoja aliyekuwa bado anajua kazi ya zamani, ya kuchukua bamba lile lile la chuma la kampuni lililokwisha, kulisafisha, kulitia gundi ya kweli na kipande kipya, na kulioka kwenye tanuri mpaka viwe kitu kimoja. Alikaa naye wiki tatu, mtu wa miaka hamsini na tisa, akifagia karakana ya mwenzake na kuangalia. Alirudi na tanuri dogo lililotumika. Pedi zake hazikuwa za euro sita, wala hazikufika nusu ya bei ya zile za dukani. Si wote waliorudi. Kijana wa stesheni bado ana wateja, na wengi wao hawajawahi kuanguka, na hilo nalo ni la kweli.

Goti la Zografia halikukunjika tena. Papaki haipandiki kwa mguu ulionyooka kama ufagio. Manispaa ikasema itampa mtu mwingine wale wazee, mtu mwenye gari. Anestis alikuwa na gari dogo la mizigo, akaenda kubisha mlango nyuma ya kanisa, akajitolea kumpeleka siku mbili kwa wiki. Zografia hakumkaribisha ndani. Alimwambia hataki kubebwa na majuto ya mtu, majuto hayana kiti kizuri. Akafunga mlango, na Anestis akarudi gereji, akaendelea na kazi, na hakuligusia tena.

Zikapita wiki tano. Yule mhudumu mpya alikuwa mwema lakini mwenye haraka, na mzee Stergios akagoma kuoga mbele yake. Alimpigia simu Zografia, akamwambia, mwanangu, mimi nitakwenda kwa Mungu hivi hivi nilivyo, na atajua ni nani wa kulaumu. Jioni ile Zografia alipiga simu gereji. Nilikuwa pale, nikasikia sauti yake ikitoka kwenye simu.

"Hilo gari lako, fundi, lina breki?"

"Nimezifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana nauliza."

Anestis akamwambia aje kesho na mapema, aangalie atakavyozifungua na kuzipima mbele yake, moja moja. Akaja. Akakaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele, asubuhi nzima, akiuliza hiki ni nini na kile ni cha nini, naye akijibu. Walipomaliza, Zografia alisema, haya, Jumanne.

Manispaa ikamrudishia wazee wake, na kwa miaka minne walikwenda hivyo, Jumanne na Ijumaa. Miezi ya mwanzo hawakusema kitu njiani zaidi ya mvua na bei ya cheri. Alimshusha mlangoni kwa mzee, akamngojea kwenye gari, mikono juu ya usukani, kama dereva wa mazishi. Mzee Stergios ndiye aliyemwita ndani kwanza, akidai pampu ya maji inapiga kelele. Kisha mwingine alikuwa na bawaba za mlango. Kisha kwa bibi mmoja alikuta breki za kiti cha magurudumu ni za posta, plastiki tupu, na uani pana mteremko; alizing'oa bila kuomba ruhusa, akarudi Ijumaa na nyingine alizochonga mwenyewe kwa chuma. Wazee wakaanza kumwekea kahawa. Mzee Stergios alimwita mume wa Zografia ili awaudhi wote wawili, na akafanikiwa. Parthena, aliposikia, alituma pai ya mboga na ujumbe kwamba akirudishiwa mume wake awe ameshakula.

Sijui kama walikuwa marafiki. Zografia hakuwahi kutamka neno msamaha, wala Anestis hakuwahi kuliomba. Siku moja nilimwuliza Anestis, tukiwa tumekaa nje, kama anadhani yule mwanamke amemsamehe. Akasema kwamba Zografia humwambia yeye akikata kona vibaya, na humwambia akiwa kimya mno, na kwamba yeye haoni haja ya kujua zaidi ya hapo. Nilimwuliza pia lile ambalo kila mtu hapa mjini alikuwa na jibu lake: kama zile spea za bei rahisi zinastahili hatari yake. Alisema nyingi hazina hatari yoyote, na hapo ndipo penye tabu. Kibaya kikijitangaza unakiacha. Hiki kinakuja na sura ya mwenzake mzuri, na wewe una watu kumi na moja nje wanangoja.

Mwaka 2018 basi la vijijini likarudishwa, mara mbili kwa siku, jipya, lenye ngazi inayoshuka kwa watu wa magongo. Mzee Stergios hakuliona. Alikuwa amefariki majira ya baridi, akiwa safi, ameogeshwa Ijumaa. Wazee waliobaki walikuwa wanne. Zografia akasema atapanda basi, ni haki yake na ameilipia kwa kodi.

Safari yao ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tano. Mimi nilikuwa nyuma, nimepewa lifti nikitoka kumpelekea mteja viatu, nimekaa kati ya kisanduku cha spana na mfuko wa maharage ambao bibi mmoja alikuwa amewapa. Walizungumza kidogo. Walipofika nyuma ya kanisa, Anestis alizima injini, akashuka, akamfungulia mlango. Zografia alishusha kwanza mguu mbovu, kisha mzima, akajiweka sawa kwenye gongo lake.

"Kesho utafanya nini?" alimwuliza.

"Kesho Jumamosi. Nina pea tatu za kuoka."

"Za nani?"

"Moja ya padri. Mbili za wachumaji, wale wa Palioklima."

Zografia aliitikia kwa kichwa. Alichukua mfuko wake wa maharage, akagawa nusu kwenye karatasi, akampa ampelekee Parthena.

"Basi zioke vizuri," alisema.

Akapanda vingazi vitatu vya mlangoni pake, polepole, mkono mmoja kwenye ukuta. Anestis alingoja mpaka ufunguo ukageuka na mlango ukafungwa, ndipo akarudi kwenye gari, akaweka maharage juu ya dashibodi, na tukaondoka.